Kuanzia Daraja la Tatu

Ofisini waliniita Bi Chapchap, na jina hilo nililipenda. Afisa mwingine akikabidhiwa mtoto wa kutafutiwa makao, hukaa na faili wiki nzima: anapiga simu, anasubiri kupigiwa, anakunywa chai. Mimi faili likiingia asubuhi, kufikia saa nane mchana mtoto ana kitanda. Nina diploma ya ustawi wa jamii na nina watoto watatu. Mtoto anayelala kwenye benchi la kituo cha polisi hahitaji kikao, anahitaji shuka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema, tena kwa sauti, ili wanywa chai wasikie.

Hii ni habari ya mtoto mmoja niliyempatia kitanda chapchap.

Alikuwa na miaka tisa. Mama yake alikuwa msafishaji katika jengo la ghorofa sita. Aliteleza kwenye ngazi alizokuwa amezipiga deki mwenyewe, akavunjika paja na nyonga. Daktari alisema miezi mitatu kitandani, pengine minne, mguu ukiwa umening'inizwa kwa uzito. Baba aliondoka kabla mtoto hajaota meno na hakuacha hata namba ya simu. Bibi alikwisha kufa. Basi muuguzi wa wodi akamleta mtoto kwetu Alhamisi asubuhi, akiwa na sare ya shule na mfuko wa plastiki wenye nguo mbili.

Nilimuuliza jina, akanitajia, kisha akaongeza kwamba nyumbani wanamwita Karani kwa sababu anahesabu kila kitu. Nikamuuliza leo amehesabu nini. Akasema kutoka lango la hospitali mpaka mlango wetu ni hatua mia nane na kumi na mbili, ila za muuguzi ni chache kwa kuwa ana miguu mirefu. Nilicheka. Niliandika: mtoto mchangamfu, anajieleza vizuri.

Fomu yetu ya kumpeleka mtoto nje ya eneo lake ina sehemu iliyoandikwa "Watu wawili waliotajwa na mtoto". Utaratibu ni huu: unamuuliza mtoto mwenyewe angependa kukaa na nani. Anataja watu wawili. Wewe afisa unakwenda kwa miguu yako mpaka kwao, unaona chumba, unaona choo, unaongea na kiongozi wa mtaa, unaandika kama wanafaa au hawafai. Si lazima wawe ndugu. Ukiwakosa hao ndipo unaruhusiwa kutafuta mbali. Ni utaratibu mzuri. Unachukua siku tano au sita, na ni wa jua kali na viatu vyenye vumbi.

Nilimuuliza. Akasema, "Mama Cherehani."

Nikamuuliza na wa pili je. Akafikiri, akasema tena, "Mama Cherehani," kana kwamba zile nafasi mbili ziliwekwa ili mtu mmoja aandikwe mara mbili.

Huyo Mama Cherehani hakungoja kutafutwa. Saa nne alikuwa tayari kwenye benchi letu la nje. Alikuwa fundi wa kushona, mjane, mlango wake wa pili kutoka kwa kina Karani. Vipande vya uzi vilikuwa vimemganda begani na tepu ya kupimia imening'inia shingoni. Alisema amekuja kumchukua mtoto.

"Wewe ni nani wake?" nilimuuliza.

"Jirani."

"Jirani si ndugu, mama."

"Akitoka shule anakula kwangu," akasema. "Ananihesabia vifungo, mama yake akitoka kazini anampitia. Tofauti ya sasa ni kwamba mama yake atachelewa kidogo."

Nilimwambia nitaangalia. Nikaangalia saa. Makao mawili ya hapa mjini yalikuwa yamejaa. Ya kule juu, saa kumi za barabara, yalikuwa na kitanda kimoja, na matroni aliniahidi kuniwekea mpaka Ijumaa jioni tu. Gari la ofisi lilikuwa linakwenda hukohuko kesho yake na magodoro. Mkuu wetu alitaka ripoti ya robo mwaka isiwe na mtoto hata mmoja kwenye safu ya "anasubiri". Chumba cha Mama Cherehani sikukiona, lakini nilijichorea kichwani: vitambaa mpaka darini, pasi ya mkaa, sindano sakafuni. Nikaandika kwenye ile sehemu: Mtoto hakutaja mtu.

Maneno matatu. Mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri.

Nikatoka nje, nikamwambia yule mama kwamba taratibu haziruhusu. Akanitazama kama anavyotazama mshono uliopinda. "Fimbo ya mbali haiui nyoka, bibi," akasema, kisha akaomba kumuaga mtoto. Nikampa dakika tano. Alichota vifungo kwenye mfuko wa gauni, konzi nzima, vya kila rangi, akavimimina kwenye mfuko wa sketi ya Karani.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka: mimi, dereva, na Karani nyuma pamoja na magodoro. Dereva wetu ana mdomo. Alimwambia Karani kwamba asipotulia atafungwa kwenye godoro la juu kabisa kama mzigo wa harusi. Karani akamuuliza magodoro ni mangapi, na la juu ni la ngapi. Dereva akanyamaza, jambo ambalo si la kawaida.

Mtoto alikaa dirishani. Mfuko wa kulia ulikuwa na vifungo, wa kushoto mtupu. Tukivuka daraja, anahamisha kifungo. Tukikata kona kubwa, anahamisha kifungo. Na alikuwa ananong'ona: daraja, kituo cha mafuta chenye paa jekundu, kona ya kulia, shule yenye tangi la maji. Nilidhani anacheza. Nilimwambia dereva, angalau huyu halii.

Sasa, nilikuwa na mtindo wangu wa safari. Watoto hutapika. Gari la ofisi likitapikiwa, anayeliosha ni mimi, na harufu inakaa mwezi. Kwa hiyo mkobani mwangu hakikosekani kipakiti cha vidonge vya kuzuia kichefuchefu. Vinalewesha kidogo kwa usingizi, nami hilo nililihesabu kuwa faida. Hata wanywa chai walikuja kuniomba. Tulipovuka daraja la tatu, barabara ilianza kupanda na kujikunja. Nikageuka nyuma na kidonge na chupa ya maji.

Akaniuliza, "Hiki kinafanya nini?"

"Kinazuia kutapika."

"Mimi sitapiki."

"Meza, mwanangu. Tunakaribia kufika."

Tulikuwa tumebakiza saa saba. Alimeza, kwa sababu ni mtoto aliyefunzwa adabu. Haikupita nusu saa kichwa kikaanza kugonga kioo. Nilimwona kwenye kioo cha dereva akijipiga makofi mashavuni, mara mbili, kwa nguvu. Nikawaza, watoto bwana, nikarudi kwenye ripoti yangu niliyokuwa nikiiandikia mapajani. Alilala mpaka matroni alipofungua mlango wa gari.

Alipoamka alitazama milima. Akatazama mfuko wa kulia, ambao bado ulikuwa umejaa. Akalia bila kutoa sauti. Nilimwambia matroni ni uchovu wa safari. Tukashusha magodoro, nikasaini, na kesho yake tukarudi. Jumatatu mkuu alinisifu mbele ya watu.

Mwezi uleule binti yangu wa kati, naye wa miaka tisa, alikwenda ziara ya shule ya siku mbili. Nilimpa mwalimu wake namba tatu za simu. Nilitaka nijue basi litapita njia gani na litasimama wapi. Naliandika hili kwa sababu sitaki mtu mwingine aliseme kabla yangu.

Mama wa Karani alitoka hospitali mwezi wa nne tangu aanguke, kwa magongo mawili. Alikuja ofisini akisindikizwa na Mama Cherehani, aliyembebea mkoba na kumfungulia milango kwa kiwiko. Hakuja kugomba. Alisema kila Jumamosi matroni anampa mtoto simu dakika kumi. Mwanzoni Karani alikuwa akimweleza kila kitu, mpaka idadi ya vigae vya bafuni. Sasa ni "ndiyo, mama" na "hapana, mama", na dakika nyingine zote wanasikilizana pumzi. Alikuwa anaomba nimrudishe.

Nikamweleza. Yeye bado hawezi kubeba ndoo wala kusimama jikoni. Mtoto anaweza kurudi eneo lake ikiwa yupo mtu wa karibu anayefaa, lakini faili linasema hayupo. Kwa hiyo mpaka magongo yatupwe, yaani miezi sita mingine kwa kauli ya daktari.

"Lakini Mama Cherehani yupo," akasema. "Alikuja hapa siku ileile."

Nikasikia mdomo wangu ukijibu kwamba kwa mujibu wa faili, mtoto hakutaja mtu.

Akamgeukia jirani yake. "Hakukutaja?"

Nilimwona Mama Cherehani usoni. Kwanza alishangaa, kisha taratibu, kama kitambaa kinavyonyonya maji, akaanza kuamini. Mwanamke aliyekaa kwenye benchi langu tangu saa nne asubuhi sasa anaamini kwamba mtoto aliulizwa anamtaka nani, naye akanyamaza. Ningeweza kusema palepale. Kalamu ilikuwa mkononi, faili mezani, na mwandiko ulikuwa wangu. Nilisema tu kwamba wiki ijayo nina safari ya huko na nitamjulia hali.

Siku moja kabla ya safari Mama Cherehani alileta sketi iliyokunjwa kwenye gazeti. Ameshona kwa kukisia, akasema, ndiyo maana pindo ni kubwa, wataliachia akirefuka. Akasimama kidogo mlangoni.

"Mwambie sina kinyongo," akasema. "Mtoto akiulizwa na mkubwa huchanganyikiwa."

Saa kumi zote za barabara sentensi hiyo ilikaa nami garini. Dereva alijaribu mizaha yake mitatu ya kawaida, akaiacha.

Makao yale ni mazuri, ni lazima niseme. Shuka ni nyeupe na hakuna anayepigwa. Kama ningetaka kisingizio, kilikuwepo, tena kimepigwa pasi. Matroni alinicheka kidogo akinielekeza bustanini. Alisema mtoto wangu huyo anawahoji madereva wote wanaoingia, wa maziwa, wa kuni, wa dawa, kama polisi wa barabarani: umepita wapi, umevuka nini, kona ya upande gani.

Karani alikuwa amerefuka. Alinisalimia, akaipokea sketi, akaipima kiunoni, akaikunja vizuri. Kisha akaleta daftari la hesabu. Kurasa za mwanzo zilikuwa na orodha ya namba kumi na moja: kituo cha mafuta chenye paa jekundu, shule yenye tangi la maji, mpaka ya kumi na moja, daraja la tatu. Kisha kurasa mbili tupu. Kisha orodha nyingine, iliyoanzia lango la makao ikirudi nyuma, imefutwafutwa, maana mwenye maziwa hutokea upande mwingine na mwenye kuni hajui kulia na kushoto.

"Nililala kuanzia daraja la tatu," akasema. "Baada ya hapo kuna nini?"

Nimepita barabara ile zaidi ya mara ishirini.

"Sijui," nikasema.

"Hukuangalia?"

"Nilikuwa naandika."

Akalifunga daftari bila hasira, kama mtu aliyegonga mlango akakuta wenyewe wametoka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ile hakuwa akicheza. Alikuwa anatunza njia ya kurudi kwao, kifungo kwa kifungo, na mimi nikamnywesha usingizi ili nisioshe gari.

Nikampa na salamu, kwa kuwa nilizibeba. Nikasema Mama Cherehani anasema hana kinyongo.

"Kinyongo cha nini?"

"Cha kutomtaja."

"Lakini nilimtaja."

"Ndiyo."

"Mara mbili."

"Mara mbili. Mimi ndiye niliyeandika uongo."

Swali lake likawa la kikarani kabisa.

"Kwa penseli au kwa kalamu?"

"Kwa kalamu."

"Basi haifutiki," akasema, akaenda kuweka sketi kabatini.

Niliporudi niliingia kwa mkuu na faili. Alinisikiliza, akafunga mlango, akanipa njia ya mkato. Tuandike, alisema, kwamba mtoto amekumbuka. Alikuwa mdogo, alikuwa na hofu, sasa ametulia na amemtaja jirani. Mtoto atarudi wiki ijayo, na hakuna atakayeumia. Mkuu si mtu mbaya. Ni Chapchap mwenzangu.

Nilishawishika. Sitasema uongo mwingine hapa. Nina watoto watatu na kazi hii ndiyo inayowalisha. Nilitoka nikaketi kwenye lile benchi la nje kama dakika kumi, mahali alipokuwa ameketi Mama Cherehani, nikapima. Kama mtoto "amekumbuka", basi kweli alisahau. Yule mama atamlea, atamlisha, atamshonea, na kila akimtazama atajua kwamba siku ya shida hakutajwa. Nikarudi ndani. Chini ya maneno yangu matatu nikaandika: Mtoto alitaja mtu mmoja, mara mbili. Sikwenda kwake. Niliandika uongo. Nikatia saini na tarehe. Mwandiko haukuwa mzuri.

Barua ya onyo ilikuja baada ya siku nne, na ndani yake uhamisho wangu kwenda stoo ya vifaa, kwenye magodoro. Lakini ukaguzi wa chumba cha Mama Cherehani nilikuwa nimeshaomba niufanye mwenyewe, na mkuu aliniachia, nadhani kwa kuniadhibu. Nilikwenda kwa Mama Cherehani kwa miguu. Kutoka mlango wa ofisi mpaka kwake ni dakika kumi na mbili.

Ni chumba kimoja na sebule ndogo. Vitambaa vimepangwa rafuni kwa rangi. Sindano zote zimechomwa kwenye kifuko cha sufi. Kando ya ukuta kulikuwa na kitanda kidogo kilichotandikwa, na kwa vumbi lililolala juu ya chandarua kilichokunjwa niliona kwamba hakikutandikwa jana. Alikuwa anashona. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani mpaka nilipofika kwenye maneno yenyewe.

Mashine ikasimama. "Alinitaja?"

"Mara mbili. Nilipomuuliza wa pili ni nani, akakutaja tena."

Alikata uzi kwa meno. Akageuza nguo, akaitazama upande wa ndani.

"Wiki tatu," akasema, "namnunia mtoto wa watu moyoni. Nashona sketi huku nimenuna." Akaiweka nguo kando. "Choo kiko nyuma. Nenda ukakague, si ndiyo kazi yako?"

Nikaenda nikakagua choo. Kilikuwa safi kuliko cha ofisini. Nikaandika: anafaa.

Safari ya kumrudisha Karani ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla ya stoo. Vidonge niliviacha kwenye droo. Tulipotoka langoni aliniuliza kama ninacho kidonge, nikamwambia sina, akaniangalia mkobani kuhakikisha. Kisha akanipa daftari na kalamu.

"Wewe andika," akasema. "Mimi naangalia."

Mfuko wa kulia vifungo, wa kushoto mtupu. Aliita, nikaandika: mti uliopigwa radi, kona ya kushoto, daraja la mbao, duka la bluu, kona ya kulia, kona ya kulia tena. Kwenye miteremko alitapika. Mara ya kwanza alitapikia viatu vyangu. Mara ya pili na ya tatu ndoo ilikuwa tayari, naye aliita kona huku ameinamia ndoo, na dereva, Mungu ambariki, akapunguza mwendo bila mzaha wowote. Nilijua sasa baada ya daraja la tatu kuna nini. Kuna machimbo ya mawe, kuna madaraja matano, kuna kanisa lisilo na paa, kuna mto unaofuatana na barabara kwa nusu saa nzima. Mara zaidi ya ishirini nimepita.

Tulipofika kwenye daraja la tatu hakuita kwa sauti. Aliweka kiganja kwenye kioo. "Hapa," akasema polepole, akahamisha kifungo.

Saa kumi na moja jioni tulisimama mtaani kwao. Mama yake alikuwa mlangoni kwa magongo, na Mama Cherehani nyuma yake, mkono mmoja ukimshika mwenzake mgongoni. Karani hakukimbia. Alibaki kwenye kiti, akamwaga vifungo vya mfuko wa kushoto mapajani, akavihesabu. Kisha akachukua daftari, akapitisha kidole kwenye orodha yangu, mstari kwa mstari, huku watu wake wawili wakimngoja.

"Vifungo arobaini na saba," akasema. "Wewe umeandika arobaini na sita."

Nikamwambia labda nimechoka.

"Umeruka moja." Alirudi juu kwa kidole, akasimama. "Daraja la tatu."

Ni kweli. Pale nilikuwa namtazama yeye, kalamu imelala. Hakunirudishia daftari nisahihishe. Alichukua kalamu mkononi mwangu, akaliandika mwenyewe kati ya mistari miwili, kwa herufi ndogo ili liingie, akashuka na daftari lake. Nikasikia akihesabu hatua mpaka mlangoni.

Mimi nilibaki na ndoo na kitambaa. Gari lilikuwa linanuka, nami nikaanza kuliosha.